Unyanyapaa hauulizwi kwa jina lake

Dodoso langu la kwanza la mwaloni, yaani ufukweni ambako wavuvi hushusha samaki, lilihusu unyanyapaa wa VVU, na lilikuwa na swali ambalo leo naona haya kulisoma: “Je, umewahi kunyanyapaliwa kwa sababu ya hali yako ya kiafya?” Niliwauliza wanawake wanaoanika dagaa na wavuvi waliokuwa wakishona nyavu katika mwalo mmoja wa visiwa vya Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, na tangu asubuhi hadi jua la utosi jibu lilikuwa moja tu, hapana. Ningeyachukua majibu yale kama yalivyo, ningeandika kwamba mwalo ule hauna unyanyapaa, nikafunga daftari na kuwahi kivuko cha kurudi mjini Mwanza.

Mchana mama mmoja niliyemwamkia asubuhi aliniita nyuma ya vichanja. “Mwanangu,” alisema, “unatukalisha kwenye benchi mbele ya ofisi ya BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, kila apitaye anatuona, halafu unatuuliza kama tunanyanyapaliwa. Nani akujibu ndiyo?” Kisha akafungua kibegi chake, akatoa kopo la dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI lililoshindiliwa pamba hadi shingoni, akalitikisa karibu na sikio langu. Halikutoa sauti. Bila pamba, vidonge hugongana kila mwenye kopo anapotembea, na katika chumba cha mabati wanacholala wanawake wanne, au ndani ya boti iliyojaa abiria, hakuna asiyeutambua mlio ule. Huu ni ukanda wa wakulima wa pamba, lakini matumizi hayo sikuwahi kuyasikia katika mafunzo yoyote ya ustawi wa jamii.

Tangu siku hiyo nimeshika jambo moja katika kazi yangu: unyanyapaa haupimwi kwa kuhesabu matusi, bali kwa kutazama kazi anayoifanya mtu ili matusi yasimfikie. Wataalamu hutofautisha unyanyapaa unaotendwa, yaani mtu kutengwa au kusimangwa waziwazi, unyanyapaa unaotarajiwa, yaani hofu ya yale yatakayotokea siri ikivuja, na kujinyanyapaa, pale mtu anapoyaamini mwenyewe yale anayodhani wengine wanayasema. Dodoso langu liliuliza la kwanza peke yake. Jibu la “hapana” la mama yule lilikuwa la kweli kabisa, kwa kuwa hajatukanwa na yeyote, na hajatukanwa kwa sababu hakuna anayejua. Ila gharama ya kutojulikana huko ameilipa miaka yote, maana huiruka zahanati iliyo umbali wa kutembea kwa mguu na kupanda boti hadi kituo cha mbali, ambako kadi yake ya CTC, kliniki ya huduma kwa wenye VVU, haitaonwa na jirani.

Neno lenyewe lina tatizo. “Unyanyapaa” ni neno la semina na mabango. Mwaloni nimesikia zaidi watu wakisema mtu “anasemwa”, “ananyoshewa kidole”, au kwa lugha ya vijana, “amekanyaga waya”. Majina haya yana historia yake katika Kanda ya Ziwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligundulika mkoani Kagera mwaka 1983, na huko ugonjwa uliitwa Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara wa kuvuka mpaka. Hivyo tangu mwanzo kidole kilielekezwa kwa watu wa safari: wachuuzi, wavuvi, wahudumu wa baa. Dawa zilianza kutolewa bure mwaka 2004, na tangu mwaka 2016 anayegundulika huanzishiwa dawa bila kusubiri kinga ishuke. Leo tunajua pia kwamba mtu anayemeza dawa ipasavyo hadi virusi visionekane kwenye kipimo cha damu hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Nimewakuta watu mwaloni wanaolijua hilo vizuri na kulieleza bila kukosea, na bado hawako tayari kula sahani moja na mtu waliyesikia “anatumia”.

Sehemu ambayo imenifundisha zaidi, na ambayo naona watafiti wengi tunaipita haraka, ni kalenda. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na sasa zaidi taa za betri na sola, na taa huwavuta vizuri pale tu ambapo mwezi hauwaki. Kwa hiyo kazi hufuata giza. Mbalamwezi ikikolea, boti hupandishwa ufukweni, nyavu hushonwa, na watu huenda kuziona familia zao. Mwezi wa angani una takribani siku 29 na nusu. Mteja wa kliniki akipangiwa kurudi kila baada ya siku 28, tarehe yake husogea nyuma kwa siku moja na nusu kila awamu, na hata kama alianza katikati ya mbalamwezi, baada ya awamu 5 amesogea zaidi ya wiki nzima na kuangukia siku za kazi. Akienda kliniki siku hiyo anakosa mgao wake, na tajiri wa boti humweka mwingine katika nafasi yake, tena huanza kuuliza anakwenda wapi kila mara. Asipokwenda, rejista humwandika “mtoro”, neno tunalompa mtoto anayekimbia shule. Nimesikia likitamkwa kwa sauti dirishani, mbele ya foleni. Hakuna aliyekusudia kumdhalilisha mtu. Muuguzi aliyechoka alikuwa akisoma kilichoandikwa kwenye safu ya daftari. Lakini huo nao ni unyanyapaa, uliopangwa na ofisi, na hauwezi kuondolewa kwa kuwaelimisha wavuvi.

Mtafiti naye huchangia. Kanuni za maadili, ambazo naziheshimu, zinataka mshiriki apewe nakala ya fomu ya ridhaa. Nakala zangu za kwanza zilikuwa na maneno “watu wanaoishi na VVU” juu kabisa kwa herufi nzito, na mshiriki mmoja alinirudishia yake ikiwa imekunjwa ndogo kama tiketi, akaniomba nimtunzie. Nilikuwa nimempa kitu cha hatari zaidi kuliko lile kopo. Kwa ruhusa ya kamati tulibadilisha kichwa kikawa “Afya na maisha ya mwaloni”, maelezo kamili ya utafiti yakabaki ndani na kusomwa kwa mdomo, na mazungumzo yakahusisha kila anayependa, mwenye virusi na asiye navyo, ili kukaa nami kusiwe ushahidi wa lolote. Tulichora ramani ya mwalo mchangani kwa vijiti, tukauliza maji yanachotwa wapi, nani analala wapi, boti ipi inakwenda wapi. Humo ndimo mengine yalipojitokeza, kwa mfano kichocho: wapo wanawake waliotoka vijiji vya ndani, wanakoteka maji ya madimbwi, ambao walidhaniwa kuwa na ugonjwa wa zinaa, wakashutumiwa na waume zao, ilhali kichocho cha mkojo kikifika kwenye njia ya uzazi huleta maumivu na kutokwa damu bila uzinzi wowote.

Miongozo mingi husifu kutumia wasaidizi wa utafiti kutoka jamii ileile. Nakubali nusu. Wana Konga, yaani mabaraza ya watu wanaoishi na VVU, na WAVIU washauri, yaani wenye VVU wanaowashauri wenzao, hufungua milango ambayo mimi na kitambulisho changu hatuwezi kuigusa, lakini msaidizi wa mwalo uleule anamjua kila mtu kupita kiasi, na kwa mambo ya siri naona afadhali atoke kisiwa kingine. Kuhusu sheria nitasema kidogo: Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa na kulinda usiri, ila anayetaka kuitumia hulazimika kwanza kuitangaza hali yake kwa yule anayemsikiliza.

Siku hizi mteja ambaye hali yake imetulia anaweza kupewa dawa za miezi 6 kwa mkupuo mmoja, na safari zimepungua. Nilipokutana tena na mama yule nilidhani ndiyo habari njema ya kumpa. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza dawa zote hizo ataziweka wapi katika chumba cha watu wanne, na kama makopo yatakuwa makubwa kuliko lile lake. Nikamwambia huenda.

“Basi pamba itaongezeka,” akasema, akarudi kugeuza dagaa.