Maswali na majibu: Choo cha dharura, na shimo lililofika maji

Mimi ni mhudumu wa afya mkoani Kigoma. Kila masika napokea watu wanaoharisha, na nikiwafuata nyumbani nakuta jambo lile lile: choo kinachotoa sauti ya maji ukitupia jiwe.

Choo cha dharura ni kipi?
Ni choo cha haraka pale watu wanapojaa ghafla mahali pamoja au mafuriko yanapowahamisha. Kazi yake ni kuzuia kinyesi kisifike kwenye maji, chakula na mikono. Kikizuia, kinatosha, hata kama kuta zake ni turubai.

Tukichimba hadi maji si ndiyo vizuri? Kinyesi kinachukuliwa, choo hakijai.
Hapana. Kinachukuliwa, sawa, lakini kinapelekwa wapi? Kwenye kisima cha jirani yako, naye anakunywa. Kati ya kitako cha shimo na maji ya ardhini pabaki angalau mita 1.5 za udongo, na shimo likae angalau mita 30 kutoka kisimani.

Letu lilikuwa kavu tulipochimba.
Mlichimba Agosti. Masika maji ya ardhini hupanda. Waulizeni wazee wa hapo maji hufika wapi mwezi wa nne, kisha ndipo mchukue jembe.

Shimo fupi si litajaa mapema?
Litajaa, ndugu yangu, na mtachimba jingine. Shimo lililojaa mnalifukia. Kisima kilichoingiwa na kinyesi mtakifukia mara ngapi? Nimejibu hili mwaloni, kanisani, hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga: shimo likifika maji si choo tena. Fukieni mpaka mrudi mita 1.5 juu ya maji.

Sasa sisi wa kando ya ziwa tufanyeje?
Inueni choo. Jengeni chumba cha tofali au wekeni tangi juu ya ardhi, choo kikae juu yake chenye ngazi. Ngazi iwe ya kupandwa na mjamzito na bibi mwenye magoti mabovu, maana wakishindwa watakwenda kichakani. Kuna pia choo cha kutenganisha mkojo na kinyesi, ambapo kinyesi hufunikwa kwa majivu kikauke. Ni kizuri, ila kinataka watu waliofundishwa, na kwa wageni wa wiki moja sikishauri. Kabla hamjachagua, ulizeni nani atakiondoa kinyesi, kwa chombo gani, akimwage wapi. Tangi zuri mahali ambapo gari la kunyonya halifiki litafurika tu.

Mei 2015 makumi ya maelfu ya watu kutoka Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa Tanganyika. Nafasi ya kuchimba ilikuwa finyu, na maji ya kunywa yalikuwa ya ziwa lile lile. Kipindupindu kiliingia. Mahali kama pale, siku za mwanzo hata ndoo yenye mfuniko na chokaa ni bora kuliko ufukwe.

Vyoo vingapi?
Mwanzoni kimoja kwa watu 50, baadaye kimoja kwa 20. Vya wanawake viwe vitatu kwa kila kimoja cha wanaume, vifungwe kwa ndani, viwe na mwanga. Kibuyu chirizi, yaani chombo cha kunawia kinachochirizisha maji, na sabuni viwe pale pale mlangoni.

Kinyesi cha mtoto mchanga nacho?
Nacho. Chooni.

Mtu akiharisha maji kama ya kuoshea mchele?
Mleteni sasa hivi, hata saa nane usiku. Msingoje "kuharisha kuishe kwenyewe", wala msimnyime maji. Njiani anywe ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari, pakiti moja kwa lita moja ya maji salama, kidogo kidogo hata akitapika. Na mkifika nitawauliza kuhusu choo chenu, kwa hiyo tupieni jiwe kabla hamjaondoka.