Uanagenzi wa kiwandani kwa mwanafunzi wa sekondari: maana yake

Karibu na soko la Kibuye, Kisumu, mafundi wa jua kali hawakosi vijana pembeni yao. Leo kijana anashika chuma na fundi anachomelea. Baada ya miezi kadhaa kijana ndiye anayechomelea, fundi akimtazama mkono. Huyo ni mwanagenzi, yaani mtu anayejifunza kazi kwa kuifanya, ubavuni mwa anayeijua. Wahunzi wetu walirithishana ufundi hivyo hivyo kabla hatujawa na shule. Kigeni kwetu ni kuupeleka uanagenzi huo ndani ya kiwanda, kwa mkataba wa maandishi, mwanagenzi akiwa bado amevaa sare ya sekondari.

Kwa maana hiyo, uanagenzi wa kiwandani ni mapatano ya pande tatu. Shule inaendelea na hesabu, fizikia na lugha. Kampuni inatoa mashine, fundi mlezi na ujira wa kiasi fulani. Mwanafunzi, pamoja na mzazi wake, anaahidi muda na nidhamu. Nchini Ujerumani, kijana hukaa kiwandani siku tatu au nne kwa wiki na darasani siku moja au mbili, kwa miaka mitatu hivi. Jimbo la Wisconsin, Marekani, lilianzisha mpango wake mwaka 1991 kwa wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho ya sekondari, nao hufanya kazi saa zisizopungua 450 kwa mwaka huku wakisoma.

Wengi wetu tukisikia hayo husema, "Kumbe ni atachimenti," yaani yale mafunzo mafupi ya mwanafunzi kazini. Sivyo, na tofauti hii inaniuma kwa sababu nimeona vijana wakiipoteza miezi yao. Anayekwenda atachimenti huenda kwa miezi mitatu, mara nyingi bila malipo, na kampuni haidaiwi chochote ila kumpigia muhuri kitabu chake. Kijana wa jirani yangu alirudi kutoka kiwanda kimoja akiwa amefagia sakafu na kupeleka barua. Mashine aliziona kwa mbali. Katika uanagenzi, kufundisha ni deni la kampuni. Mkataba unataja kazi atakazojua mwanafunzi kufikia mwezi fulani, na fundi aliyekabidhiwa jukumu hilo anajulikana kwa jina.

Chukua karakana ya kiwanda cha sukari. Shafti, yaani mhimili wa chuma unaozunguka, imelika, inatakiwa nyingine ya kipenyo cha milimita 50. Mwanafunzi akikereza chuma kikapungua sehemu chache za mia za milimita kupita kiasi, beringi inayoishika italegea na shafti itatupwa. Desimali alizozichukia darasani sasa zimo vidoleni mwake. Jumatatu akirudi shuleni ana swali la kumwuliza mwalimu, na mwalimu ana mfano ambao kitabu hakikumpa. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa ya mpango wote, kuliko hata ujira.

Kenya haianzi na mikono mitupu. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani inatambua mkataba wa uanagenzi, na msimamizi wake ni NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, yenye chuo chake Kisumu. Nakuru kuna KITI, taasisi ya mafunzo ya viwanda iliyoanzishwa mwaka 1965. Waajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi ili kugharamia mafunzo, na kampuni inayofundisha kwa utaratibu ulioidhinishwa inaweza kudai kurudishiwa sehemu ya gharama. Nayo sekondari ya juu, iliyopokea Gredi ya 10 ya kwanza Januari 2026, ina mkondo wa sayansi na teknolojia wenye masomo ya kiufundi ndani yake. Kinachopungua ni shule na kiwanda kilicho jirani kuketi meza moja.

Wakiketi, cheti kisiachwe mwishoni. Mwaka 2014 kiwanda cha betri cha Eveready kilifungwa Nakuru, na sisi wa magharibi tunajua jinsi kiwanda cha sukari cha Mumias kilivyoporomoka. Kijana aliyefundishwa mashine moja tu ya kampuni moja, mkononi ana barua ya kampuni hiyo, lango likifungwa hana pa kuipeleka. Afanyiwe mtihani wa ufundi wa serikali, Gredi ya III, kisha ya II, kisha ya I. Hapo ufundi wake utatambuliwa Eldoret na Thika vilevile.

Umri nao una sheria zake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumweka mtoto wa miaka 13 hadi 16 ahudumie mashine kiwandani, isipokuwa awe chini ya mkataba wa uanagenzi unaotambuliwa na sheria. Inakataza pia kumwajiri mtoto katika kazi za kiwandani kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa kama hiyo asubuhi. Sheria ya fidia ya ajali kazini, ya mwaka huo huo, inamhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi, hivyo akikatwa kidole ana haki ya fidia. Mzazi, kabla ya kutia sahihi, omba uonyeshwe mkataba wenyewe na bima inayomhusu mwanao, kisha uombe kukutana na huyo fundi atakayemshika mkono.