Je, Wajua Kwa Nini Sproketi ya Baiskeli ya Gia za Ndani Imebonyea kama Sahani?

Baiskeli ambayo gia zake zimefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, mfano ile yenye kitovu cha Sturmey-Archer AW cha gia 3 kilichoanza kutengenezwa Nottingham, Uingereza, mwaka 1936, huwa na sproketi moja tu nyuma, yaani kile kigurudumu cha meno kinachovutwa na mnyororo. Ukiilaza mezani utaona kwamba mara nyingi haikai bapa, kwani katikati imebonyea mithili ya sahani. Anayeiona mara ya kwanza hudhani imepinda kwa uchakavu, kumbe imetoka kiwandani ikiwa hivyo kwa makusudi.

Mnyororo wa baiskeli hii hauhami kutoka sproketi moja hadi nyingine, kwa hiyo hauna budi kunyooka daima kati ya meno ya mbele na ya nyuma. Ukienda mshazari hukwaruza meno ubavuni, hupiga kelele na huisha mapema. Kwa kuwa fremu hazilingani, sproketi iliyobonyea humpa fundi nafasi mbili kwa kifaa kimoja: akiifunga meno yakiwa yameelekea nje, mnyororo husogea mbali na spoku, na akiigeuza husogea ndani.

Marekebisho madogo hufanywa kwa washa, yaani pete bapa za kujazia nafasi, ambazo kwa kawaida ni mbili, kila moja ikiwa na unene wa milimita 1.6 hivi. Sproketi, washa na kipete cha chuma chenye mwanya hupangwa juu ya shingo moja fupi ya kitovu, na kipete ndicho kinachozuia vyote visitoke. (Kibanduliwe kwa bisibisi huku kimefunikwa kitambaa, maana hupenda kuruka.) Washa ikitolewa upande wa ndani wa sproketi sharti irudishwe upande wake wa nje, na mnyororo utasogea milimita 1.6; ikiachwa mezani, sproketi hubaki ikicheza. Hapo ndipo wengi hukosea.

Sababu kubwa ya kufungua sehemu hii ni kubadili idadi ya meno. Katika AW, ukilinganisha na gia ya pili, gia ya kwanza hupunguza mwendo kwa robo na ya tatu huuongeza kwa theluthi. Kwa meno 46 mbele na 18 nyuma, gurudumu huzunguka mara 2.56 kwa kila mzunguko wa pedali katika gia ya pili, na mara 1.92 katika ya kwanza, ambayo bado ni nzito mlimani ukiwa na mzigo. Ukifunga meno 22, ya kwanza hushuka hadi 1.57, nayo ya tatu, iliyokuwa 3.41 na kwa maoni yangu haifai ila kwenye mteremko, huwa 2.79 inayotumika tambarare.

Meno hayo 4 ya ziada huhitaji takriban inchi 1 zaidi ya mnyororo, la sivyo gurudumu husogezwa mbele, na likisogea, waya wa gia hulegea au kukaza. Basi urekebishwe upya kabla ya kupanda.