Nafaka za Kale: Maana Yake na Matumizi Yake Katika Uokaji

Nafaka za kale ni nafaka ambazo mbegu zake hazijabadilishwa sana na utafiti wa kilimo wa kisasa, tofauti na ngano ya mkate tuliyoizoea, ambayo aina zake nyingi zinatokana na juhudi za karne ya 20 za kupata ngano fupi yenye mavuno mengi. Jina hili halitoki kwa wanabotania. Hutumiwa zaidi na waokaji na wauzaji wa vyakula, na ndiyo maana hukusanya pamoja mimea inayotofautiana sana.

Tofauti inayompasa mwokaji kuijua kwanza ni ya gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano na jamaa zake. Spelti, ema na ainkorn ni jamaa wa ngano, na zote zina gluteni. Ulezi, mtama, uwele na tefu, ambazo asili yake ni Afrika, hazina. Kosa hapa lina madhara: mgonjwa wa siliaki, ambaye utumbo wake huumizwa na gluteni, hawezi kula mkate wa spelti eti kwa sababu ni nafaka ya kale. Hata unga wa ulezi haumfai ukisagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano.

Gluteni hujiunda unga wa ngano unapochanganywa na maji na kukandwa, nayo ndiyo hulifanya donge livutike na kuzuia hewa ya hamira isitoroke. Donge la ulezi halivutiki, ukilivuta linakatika. Kwa hiyo anayetaka mkate ulioumuka vizuri, na ambaye ngano haimdhuru, aanze kwa kuchanganya robo ya unga wa ulezi na robo tatu za unga wa ngano. Keki, biskuti na chapati za maji hazidai gluteni nyingi, kwa kuwa mayai husaidia kushikamanisha mchanganyiko, na keki ya ulezi hutoka na rangi ya kahawia ya kupendeza. Unga wa mtama hunywa maji polepole, hivyo rojo lake liachwe litulie kama nusu saa, la sivyo utasikia chengachenga mdomoni.

Waethiopia, kwa maoni yangu, ndio walioielewa nafaka yao kuliko wote: rojo la tefu huchachushwa kwa siku kadhaa, kisha humiminwa juu ya bamba la moto, likawa injera, mkate bapa laini wenye vitundu tele, bila gluteni yoyote.

Kwa upande wa lishe, gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, kiasi ambacho unga mweupe wa ngano usioongezewa madini haukikaribii. Hata hivyo, unga usiokobolewa hubaki na kiini chenye mafuta na huharibika upesi, kwa hiyo ni heri kusaga kidogo kidogo na kuuhifadhi mahali pakavu penye ubaridi.