Kumcha Mungu huku magoti yanagongana: dhana potofu kuhusu ujasiri wa imani

Jumapili moja ya mwezi wa tano, mvua ya masika ikipiga paa, mchungaji alikuwa akihubiri juu ya neno "Usiogope", nami nilikuwa nikihesabu mabati. Safu nne, kila safu mabati 12, upande huu na upande ule: 96. Risiti iliyokuwa ndani ya mkoba wangu ilisema 120. Nikahesabu tena, nikianzia upande wa kwaya. 96. Mweka hazina wa mfuko wa paa nilikuwa mimi, katika kanisa dogo hapa Malindi, na jasho lililonitoka siku hiyo halikuwa la joto.

Kwa wiki tatu niliibeba ile risiti bila kumwambia mtu. Kilichonifunga mdomo zaidi ya mabati yenyewe ni yale niliyolishwa juu ya woga tangu shule ya Jumapili. Usiku nikiwa nimekosa usingizi nilianza kuyapima na Biblia yangu, moja baada ya jingine, na mengi hayakusimama. Haya hapa, kwa yeyote mwenye risiti yake mkobani.

Dhana: Mwenye imani haogopi

Hii ndiyo mama yao. Utaisikia kwenye mikesha na utaikuta imeandikwa nyuma ya tuktuk. Ubaya wake ni kwamba humpa mtu mizigo miwili: anaogopa, halafu anaona haya kwa kuogopa. Mwenye haya hasemi.

Msome Gideoni. Aliambiwa aibomoe madhabahu ya Baali, ambayo ilikuwa ya baba yake mwenyewe. Waamuzi 6:27 inaeleza waziwazi kwamba aliwachukua watumishi kumi akaifanya kazi hiyo usiku, kwa sababu aliwaogopa watu wa nyumba ya baba yake na watu wa mji. Madhabahu ilianguka vilevile. Sijaona mahali Mungu alipomkemea kwa kuchagua giza. Paulo, ambaye sisi humchora kama simba, aliwaandikia Wakorintho kwamba alikwenda kwao "katika hali ya udhaifu na hofu na matetemeko mengi". Na bustanini Gethsemane, Marko anasema Yesu "akaanza kufadhaika sana na kuhangaika". Kama woga ni ukosefu wa imani, basi tuna shida kubwa kuliko mabati.

Mstari ulionishika mimi ni ule wa Zaburi 56: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Hofu yangu. Mwimbaji anaikubali ni yake, haisukumii kwa jirani, na kumtumaini Mungu kunatokea siku iyo hiyo, si kesho yake hofu ikishaondoka.

Hata lugha yetu inalijua hili. Kucha, kwa Kiswahili cha wazee, ni kuogopa. Ndiko tulikopata kicho, na ndiko alikotoka mcha Mungu. Wahenga wakasema mcha Mungu si mtovu. Anayemwita mwenzake mcha Mungu halafu akamwambia haifai kuogopa hajasikiliza anachokisema. Swali ni unamwogopa nani zaidi, mwenyekiti wa kamati au Yule uliyemwapia.

Ni kweli kuna methali nyingine inayovuta upande wa pili, na nyanya yangu aliipenda: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Maana yake nyamaza uishi. Ni methali yenye akili, imeokoa wengi baharini na vitani. Lakini msalabani palikuwa na kilio, na walioshika njia ya kicheko walikuwa wamejifungia chumbani.

Dhana: "Usiogope" imo katika Biblia mara 365, moja kwa kila siku ya mwaka

Hapana. Hata ukijumlisha "usiogope" na "msiogope" hufiki nusu ya hiyo, na idadi hubadilika kutoka tafsiri hadi tafsiri. Mtu hahitaji hesabu ya uongo ili atiwe moyo. Tena angalia linasemwa kwa nani: kwa wachungaji wa Bethlehemu walioingiwa na hofu kuu, kwa Yoshua aliyeachiwa viatu vya Musa, kwa watu ambao tayari wanatetemeka. Asiyeogopa huambiwi umtulize.

Dhana: Ushujaa wa imani ulishuka melini pamoja na wageni

Mgeni akija Malindi tunampeleka kwenye nguzo ya Vasco da Gama, aliyetia nanga hapa mwaka 1498, kisha kwenye kile kikanisa cha Wareno chenye paa la makuti. Atasikia kwamba Francis Xavier alipita mwaka 1542 akielekea India na akamzika mmoja wa watu wake hapa. Anayejua zaidi atamtaja mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kumzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga miezi michache tu baadaye, asirudi kwao kwa huzuni. Sitawapunguzia heshima yao. Kumzika mke na mtoto mchanga ugenini, kisha ukaamka kujifunza lugha ya watu, si jambo dogo.

Ila hatumpeleki mgeni Fuladoyo, na laiti tungempeleka. Huko bara, nyuma ya Malindi na Takaungu, Wagiriama walikuwa wameanza kuishi Ukristo wao wenyewe bila mzungu wa kuwasimamia. Abe Ngoa alianzisha jamii ya waumini kule Godoma. Aliyekuwa pamoja naye, David Koi, akaongoza kijiji cha Fuladoyo, ambacho kilikuja kujaa watoro, yaani watumwa waliozikimbia shamba za pwani. Enzi zile mashamba ya nafaka ya Malindi yalilimwa kwa mikono ya watumwa, na kumpokea mtoro kulikuwa kuchukua mali ya mtu mwenye bunduki. Koi alijua. Aliwapokea. Mwaka 1883 aliuawa.

Jambo moja linanigusa kila nikilifikiri. Misheni zenyewe zilisitasita kuwapokea watoro, zikihofia kuharibu uhusiano na wenye mji, wengi wao Waislamu waliomiliki watumwa. Suala hilo lilikuja kutulizwa kwa muda mwaka 1888, pale kampuni ya Waingereza ilipolipa fidia kwa watoro wapatao 1,400 waliokuwa kwenye vituo vya misheni. Huyu Mgiriama, asiye na kampuni wala meli ya kivita nyuma yake, alikuwa ameshafungua mlango wake miaka kadhaa kabla. Na wasije watu wakaligeuza kuwa ugomvi wa Mkristo na Mwislamu: kilichopiganiwa Fuladoyo kilikuwa binadamu kumilikiwa kama ng'ombe, na Wareno waliojenga kile kikanisa cha makuti walikuwa na watumwa pia.

Dhana: Ujasiri ni kumtii mtumishi wa Mungu bila kuuliza

Hapa Malindi hatuwezi kulizungumza hili kwa mzaha. Mwezi wa nne mwaka 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola. Miili ilipita 400, mingi ya watoto. Watu waliambiwa na mhubiri wao wafunge hadi wafe ili wamwone Yesu. Sisi tuliona magari yakiingia mochari, tukaona jamaa kutoka pande zote za nchi wakikaa chini ya miti wakisubiri majibu ya vinasaba. Miili ya kwanza haikukabidhiwa familia hadi mwezi wa tatu mwaka 2024. Kesi ziko mahakamani, nami siwahukumu wafu. Walioingia msituni wengi walidhani wanafanya jambo la kijasiri. Waliacha kazi, waliuza mashamba, walishinda njaa, kitu ambacho mimi siwezi hata kwa siku tatu.

Ndiyo maana nasema ujasiri peke yake si kipimo. Mstari tunaoupenda wa 2 Timotheo 1:7 tunaukata katikati. "Maana Mungu hakutupa roho ya woga, bali ya nguvu" — hapo tunapiga makofi, tumemaliza. Mstari unaendelea: "na ya upendo na ya moyo wa kiasi". Moyo wa kiasi ni ule unaosema, hebu ngoja, hili limeandikwa wapi? Watu wa Beroya, katika Matendo 17, walisifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo aliyosema Paulo ndivyo yalivyo. Paulo mwenyewe! Hakukasirika.

Baada ya Shakahola, katika mji huu, mama anayeinua mkono katikati ya mkutano na kusema "Mchungaji, naomba kuuliza" ameonyesha imani kuliko anayeitikia amina kumi. Na mkono wake utatetemeka, kwa sababu tumewazoesha watu kwamba kuuliza ni pepo.

Dhana: Jasiri ni yule mwenye spika kubwa

Malindi ni mji wa adhana. Jirani yangu wa ukuta mmoja ni Mwislamu, na mwezi wa Ramadhani sahani zinavuka ua jioni. Krismasi zinarudi na pilau. Kuna ndugu zetu wanaodhani kuweka spika mbele ya msikiti ndiyo kushuhudia. Petro alituagiza tuwe tayari kumjibu kila aulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, "lakini kwa upole na kwa hofu". Kwanza mtu aulize. Ili aulize, lazima awe ameona kitu. Kumrudishia jirani chenji aliyozidisha kunahitaji moyo zaidi ya kupiga kelele, hasa tarehe 28 ya mwezi.

Dhana: Anayekimbia hatari amemkana Bwana

Paulo alitolewa Dameski usiku, akateremshwa ukutani ndani ya kapu. Yesu aliwaambia wanafunzi wakiwaudhi mji huu wakimbilie mwingine. Basi askari akikukagua mlangoni pa kanisa, fungua mkoba. Mke anayepigwa akiondoka na watoto wake, msimsomee mistari ya uvumilivu.

Dhana: Ukitenda haki, Mungu atahakikisha hupati hasara

Hii niliiamini kabisa, na ndiyo iliyoniuma zaidi.

Wiki ya nne nikaomba nafasi kwenye kikao cha wazee. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi. Niliposimama, karatasi ilichezacheza mpaka ikawa inatoa sauti, nikaiweka mezani nikaikandamiza kwa kiganja. Ile hotuba yote ikanitoka kichwani. Nikasema tu, "Wazee wangu, shikamooni. Naomba twende tukahesabu mabati."

Kimya. Feni inazunguka. Mzee mmoja, baba wa makamo aliyenipenda kama bintiye, akaangalia viatu vyake. Mwingine akacheka kidogo akasema, "Mama, umeanza kumchunguza Roho Mtakatifu?" Nikamjibu kwamba Roho Mtakatifu hatoi risiti. Sijui nilitoa wapi jibu hilo; sauti ilikuwa nyembamba kama ya kitoto.

Twende tukahesabu hatukwenda. Wiki mbili baadaye nilitangaziwa kwamba "nimepumzishwa" ili nipate muda wa familia. Wote tunajua lugha hiyo. Kina mama niliosuka nao mikeka ya harambee wakaanza kuniona kwa mbali na kukumbuka kwamba wamesahau kitu nyumbani. Biashara yangu ya vitafunio, ambayo nusu ya wateja walikuwa watu wa kanisa, ikashuka. Mume wangu hakunilaumu, lakini aliuliza, mara moja tu, kama ilikuwa lazima iwe mimi.

Siku hizo nilikaa sana na wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli. Tunapenda sehemu ya moto kutowaunguza. Lakini kabla ya tanuru wanamwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wanaongeza maneno manne: "Bali kama si hivyo". Hawakuwa na hakika ya namna mambo yatakavyoisha. Walikuwa na hakika ya nani hawatamsujudia. Zaidi ya hapo hawakuahidiwa, na mimi pia sikuwa nimeahidiwa wateja.

Sikuhama kanisa. Watu wameniuliza kwa nini, na jibu la kweli ni kwamba nilikuwa nimechoka, na lile ndilo lililo karibu na nyumbani. Nilikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, ambapo mvua ikija na upepo inakulowesha bega.

Mwezi wa nane, Jumamosi ya usafi, tulimkuta mlinzi amesimama nyuma ya jiko la kanisa akitazama ukuta. Mabati yalikuwa yameegemezwa pale, mapya, yangali na kamba. Hakuona nani aliyeyaleta usiku. Yule mzee aliyeangalia viatu vyake siku ya kikao akaweka fagio chini, akainama, akaanza kuyahesabu kwa sauti, moja moja, akiyagonga kwa kidole. Alipofika 14 yakaisha. Akainua kichwa akanitafuta machoni kati ya watu.

"Yamebaki 10, mwanangu," akasema.