Bolti hushika kwa kubana, si kwa unene

Bolti nyingi zilizokatika ninazoletewa karakanani hapa Mwanga, Kigoma mjini, hazikukatika kwa sababu ya wembamba. Zinatoka kwenye mashine za kukamua mawese za Simbo na Mwandiga, au kwenye injini za maboti ya Kibirizi, na ombi linalokuja nazo ni lile lile: "Fundi, imekatika tena, nitilie nene zaidi." Ninaelewa mtu anavyofikia hapo. Lakini nikipanua tundu ili bolti nene ipite, nimepunguza chuma cha kiti cha injini, na hiyo nene nayo itakatika kama itafungwa vile vile. Kazi ya bolti ni kuvibana vipande viwili mpaka msuguano uvizuie kusogea hata kidogo. Vikianza kucheza, bolti inakuwa kigingi kinachogongwa kila injini inapozunguka, na hakuna unene unaovumilia hilo kwa muda mrefu.

Mfano mkubwa wa kubana tunao hapa hapa ziwani: MV Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ikafumuliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, ikapandishwa kwenye reli ya kati, kisha mafundi wa Kijerumani pamoja na Waafrika na Wahindi wakaiunganisha upya Kigoma. Iliingia majini mwaka 1915. Mabamba yake yalishikwa kwa ribiti. Ribiti hupashwa moto mpaka iwe nyekundu, hupenyezwa kwenye tundu, na mkia wake hugongwa ukiwa bado laini hadi uwe kichwa cha pili. Ikipoa, chuma husinyaa. Na kwa kuwa vichwa viwili vimezuia pande zote, kusinyaa huko huvuta mabamba yakabanana kabisa. Nyundo hutengeneza kichwa tu. Mbano wenyewe huletwa na kupoa. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe baada ya kuipaka mitambo yake grisi nyingi, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mimi nikifikiria matundu yaliyotobolewa Ulaya yakaja kukutana tundu kwa tundu kwenye ufuko wetu, ninaona kazi ya ufundi ya kuheshimiwa sana.

Bolti inatafuta mbano ule ule bila moto. Ukikaza nati, shina la bolti linarefuka kidogo mno, jicho halioni. Chuma kinataka kurudi kwenye urefu wake, na katika kutaka kurudi ndipo kinapobana. Sasa, katika nguvu yote unayotia kwenye spana, karibu nusu inaliwa na msuguano chini ya kichwa au nati, na kama asilimia 40 inaliwa na nyuzi, ile mizunguko iliyochongeka kwenye bolti na ndani ya nati. Inayobaki kuvuta shina ni asilimia 10 hivi. Ndiyo maana nyuzi zenye kutu zinadanganya mkono: spana inagoma, mtu anaamini amekaza, kumbe kilichogoma ni kutu. Na bolti iliyolowa mafuta, ukiikaza kwa nguvu ile uliyozoea kwa bolti kavu, unaweza kuivuta kupita kiasi. Safisha nyuzi kwa brashi ya waya, tia tone la mafuta, kisha punguza mkono.

Namna bolti ilivyozaliwa nayo ina maana kubwa. Ya kiwandani kwa kawaida haikerezwi. Huanza kama waya mnene, hukatwa, kichwa hufuliwa kikiwa baridi ndani ya kalibu, kisha nyuzi hufinywa kwa kuviringishwa kati ya mabamba mawili magumu. Hakuna kinachokatwa hapo. Chuma husukumwa, na mishipa yake hufuata umbo la nyuzi. Nikichonga nyuzi kwenye mashine ya kukereza, kisu kinakata mishipa hiyo, na kwenye bonde kati ya uzi na uzi inaweza kubaki kona kali. Ufa unapenda kona kali. Bado ninakereza bolti pale saizi inapokosekana mjini, ila ninakiviringa kisu changu nchani ili kisiache kona, na ninatumia shafti ya gurudumu la gari chakavu, si nondo.

Nondo inahitaji maelezo, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Nondo nyingi za kisasa, zikitoka kwenye roli za kiwanda zikiwa bado nyekundu, hupozwa ghafla kwa maji. Ngozi ya nje inakuwa ngumu, moyo unabaki laini zaidi, na ndani ya zege mpangilio huo ni mzuri sana. Ukiifunga kwenye mashine ya kukereza upate bolti ya kubania mashine ya mawese, cha kwanza unachoondoa ni ile ngozi. Anayekulipa anaona chuma kinang'aa, kimenyooka, nyuzi safi. Alichonunua ni moyo laini. Ninamwomba kila fundi mwenzangu aache jambo hili kwenye mashine yoyote ambayo watu wanasimama karibu nayo ikiwa imebanwa.

Kwa zile za dukani, geuza bolti usome kichwa. Ikiandikwa 8.8, tarakimu ya kwanza mara 100 ni uwezo wake kabla ya kukatika: nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba. Ya pili inasema kwamba ikifika asilimia 80 ya hapo, yaani 640, itaanza kurefuka bila kurudi. Kwa 4.6 ni 400, na asilimia 60 yake ni 240. Kwa bolti ya M12, yaani yenye unene wa milimita 12, hii ina maana kwamba ya 4.6 inaanza kuharibika ikivutwa kwa uzito wa kama tani 2, na ya 8.8, yenye unene ule ule, inapita tani 5. Isiyo na maandishi yoyote ichukulie kuwa dhaifu. Na usiichomelee 8.8, wala kuipasha moto iwe nyekundu ili uikunje. Uwezo wake umetokana na kupozwa na kupashwa kwa kipimo, na moto wako utaufuta.

Angalia pia nati. M12 na nusu inchi zinakaribiana mno machoni, lakini M12 ya kawaida hupanda milimita 1.75 kwa kila mzunguko, na nusu inchi ya nyuzi pana za Kimarekani ina nyuzi 13 kwa inchi. Nati ya nusu inchi ikilazimishwa kwenye M12 inashika kwa ncha tu. Tena uzi wa kwanza ulio karibu na kipande kinachobanwa ndio unaobeba karibu theluthi ya mzigo wote, hivyo ukiharibika huo, wingi wa nyuzi zilizobaki usikupe moyo.

Kuhusu mtikisiko unaolegeza nati, washa ya springi, ile pete iliyopasuliwa inayowekwa chini ya nati, inapewa sifa isiyostahili. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba kinachofungua nati hasa ni vipande kuteleza kwa upande, kulia na kushoto, na kwenye majaribio ya namna hiyo washa ya springi haizuii. Kwenye injini ya boti ninapendelea washa bapa nene, mkazo wa kutosha, na nati mbili: nyembamba chini, nene juu. Nati yenye pete ya nailoni ni nzuri pia, ila si karibu na bomba la moshi, kwani nailoni hiyo haivumilii zaidi ya nyuzijoto 120 hivi.

Skrubu kubwa ya kukamulia mawese ni habari nyingine kidogo. Yenyewe inapaswa kuteleza, kwa hiyo nyuzi zake ni za mraba, na nati yake ni vizuri isubiwe kwa shaba ili iishe nati, skrubu ibaki. Ipake grisi kabla ya msimu.

Ukiniletea bolti iliyokatika, niletee vipande vyote viwili, na usivisugue. Sura ya mkato ninaisoma. Sehemu laini yenye mistari inayofuatana ni ufa uliokuwa ukitembea polepole, na sehemu yenye chembe ni pale ilipokatika kwa mara moja. Laini ikiwa imekula karibu mkato wote, mzigo ulikuwa mdogo na bolti ilikuwa imelegea muda mrefu. Hapo nitaomba kuona kiti cha injini kabla ya kukuuzia bolti nyingine. Ikiwa karibu yote ni chembe, ilizidiwa siku ile ile, na tutazungumza kuhusu 8.8.