Antivairasi ya simu: mlinzi au mpangaji mwenzako?

Neno antivairasi wengi wetu tulikutana nalo steshenari. Umekwenda kuprinti barua ya kazi, umempa dada wa kaunta flashi yako, ukifika nyumbani mafaili yote yamegeuka shotikati na hakuna hata moja linalofunguka. Jirani anayejua mambo anakuambia, "Kompyuta ya pale haina antivairasi." Simu za kupangusa zilipokuja, tukahamia nazo na imani hiyo: simu ikiwa nzito ina virusi, chaji ikiisha mapema ina virusi, tangazo likiruka kwenye kioo ina virusi. Mara nyingi ni betri iliyochoka, au hifadhi iliyojaa video za magrupu.

Kirusi hasa ni programu inayojinakili yenyewe, ikajibandika kwenye programu au diski na kusafiri nayo. Brain, kinachotajwa kuwa cha kwanza kwa kompyuta za aina ya IBM, kilitengenezwa mwaka 1986 na ndugu wawili wa Lahore, Pakistani. Simu nazo zikapata mdudu wao mwaka 2004, Cabir, aliyeruka kwa Bluetooth kati ya simu zenye Symbian, mfumo wa simu za enzi hizo. Lakini hata Cabir alikuwa anabisha hodi: mwenye simu alipaswa kukubali kulipokea faili ndipo aingie. Lishike hilo la kubisha hodi.

Siku hizi programu mbovu za simu kwa kawaida hazijinakili. Huiba, hupeleleza, hukuunganisha na huduma za kulipia bila wewe kujua. Jina lake la jumla ni programu hasidi. Antivairasi ni programu yenye orodha ya alama za hizo hasidi zilizokwisha kujulikana. Hukagua faili moja moja kama polisi mwenye picha za wahalifu mkononi. Kwenye kompyuta ya Windows polisi huyo hupewa ufunguo wa kila mlango. Kwenye simu hapewi, na hapo ndipo watu wengi hawapajui.

Chukua nyumba ya kupanga ya uswahilini: korido katikati, vyumba huku na huku, kila mpangaji na kufuli lake. Android imejengwa hivyo. Kila programu hupewa namba yake ya utambulisho na chumba chake, na haiingii cha mwenzake. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, ikitaka kamera au majina ya simu yako lazima ikuombe, nawe ubonyeze Ruhusu. Sasa hiyo antivairasi unayoipakua nayo ni mpangaji tu. Akiwa koridoni anaweza kusoma majina milangoni na kukagua mzigo ambao kila mmoja aliingia nao, yaani faili la programu yenyewe, lakini yanayofanyika vyumbani hayaoni. Akimshuku mtu hana uwezo wa kumtoa. Anakuja kukugongea wewe umfukuze. Kwenye iPhone kuta ni nene zaidi, hata huo mzigo haukaguliki, ndiyo maana programu zinazojiita za usalama kule huishia kuuza VPN, yaani njia ya faragha ya kupitishia intaneti, na kuzuia tovuti za kitapeli.

Mwenye nyumba, yeye, ana mlinzi wake. Tangu 2017 Google imempa jina la Play Protect, na yumo tayari kwenye simu yako kama ina Play Store. Hukagua programu zote, hata ulizozitoa nje ya duka, na anaweza kuizima iliyothibitika kuwa mbaya. Fungua Play Store, gusa picha yako pale juu, utamkuta. Hakikisha tu hajazimwa, maana watu wanaokutumia programu za magendo hupenda kukuambia, "Zima Play Protect kwanza."

Na hao wapangaji wanaojiita walinzi, tuwaangalie vizuri. Mwaka 2014 programu iitwayo Virus Shield iliuzwa Play Store kwa dola 3.99, ikanunuliwa na watu zaidi ya 10,000. Ilipochunguzwa, kazi yake yote ilikuwa kubadili alama ya mkasi kuwa alama ya vema. Mwaka 2019 maabara ya AV-Comparatives ya Austria ilijaribu antivairasi 250 za Android: ni 80 tu zilizoweza kukamata zaidi ya asilimia 30 ya programu hasidi bila kuzisingizia zilizo safi. Nyingine zilikuwa na orodha ya majina yanayoaminika na kumshuku kila mwingine. Waundaji wengine wakasahau kujiandika humo, programu ikajishtaki yenyewe. Ningecheka zaidi kama si ya 2022, pale SharkBot, mwizi wa pesa za benki, alipokutwa Play Store amevaa sare ya antivairasi.

Huku kwetu hodi hubishwa namna nyingine. Bando ni ghali, kwa hiyo mtu anarushiwa programu na rafiki kwa Xender. Au anataka WhatsApp yenye mbwembwe, ya kusoma meseji zilizofutwa. Mwaka 2021 Kaspersky, kampuni ya antivairasi, walikuta toleo moja la FMWhatsApp limebeba Triada, hasidi inayopakua hasidi wenzake. Kama haya ndiyo maisha yako na huna mpango wa kuyaacha, antivairasi ya kampuni inayojulikana inaweza kukusaidia. Mpangaji wa koridoni ni afadhali kuliko kukosa mtu kabisa. Mmoja anatosha.

Ila kuna mambo hata aliye bora hayaoni. Programu za mikopo, kwa mfano. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza mwaka 2024 majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Nyingi za aina hii huomba majina yote ya simu yako, ukichelewa kulipa shemeji na bosi wako wanatumiwa meseji za kukudhalilisha. Hapo hakuna kirusi. Uliulizwa, ukaruhusu. Na ile meseji ya "hela tuma kwenye namba hii" haina faili la kukagua. Dawa yake ni kuipeleka 15040 kama uko Tanzania na kuendelea na shughuli zako.

Kuna pia mwizi aliyejengwa ukutani. Mwaka 2020 kampuni ya Upstream iliripoti kwamba baadhi ya simu za Tecno W2 zilizouzwa Afrika, zikiwamo za Ethiopia na Ghana, zilitoka dukani na Triada ile ile na hasidi mwenzake xHelper ndani. Hata kuirudisha simu kwenye hali ya kiwandani hakukuziondoa. Kwa simu ya hivyo mpangaji wa koridoni hana la kufanya. Inatakiwa kuwekewa mfumo mpya safi, ile mafundi wanayoiita kuflashi.

Kwa hiyo fundi akikuambia simu ina virusi na inahitaji kuflashiwa, usikimbilie kutoa hela. Iwashe kwanza katika hali salama, ambamo programu ulizoziongeza hazifanyi kazi. Matangazo yakikoma, mkosaji ni mojawapo ya programu hizo. Kisha ingia Mipangilio, tafuta Ufikivu. Ruhusa hiyo iliwekwa kwa ajili ya wasioona vizuri na wenye ulemavu mwingine, nayo humwezesha mwenye kuipata kusoma kioo chako na kukubonyezea vitufe. Wezi wa benki huitafuta kuliko zote. Ukiikuta mikononi mwa tochi, kikokotoo au kisafisha simu, izime hapo hapo, iondoe programu, ubadilishe nywila zako kwa kutumia simu nyingine.